Maelezo ya Nakhisa

"Kunywa kwanza wewe," Sajini Kidega alimwambia muuguzi, akimrudishia chupa ya dawa ya kijani.

Muuguzi, aliyetumwa kumtazama mgonjwa nyumbani, aliiweka chupa mezani. "Ssebo, bwana wangu, hii ya maumivu. Mimi siumwi."

"Ndiyo hivyo. Nyie hamnywi. Mnatupa sisi."

Hao "sisi" ni yeye mwenyewe, Mwacholi, polisi wa kambi ya Naguru, na mkewe Nakhisa, Mbukusu wa Kenya. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na ndicho kilichofanya watu wawageukie wodini, Nakhisa alipolazwa. Wiki iliyopita daktari alimwita Kidega pembeni: saratani imeshakula ini, mashine haitasaidia kitu, heri mama akapumzike nyumbani na dawa ya kutuliza. Heri! Shuka halijapoa, kitanda kikapewa mtu mwingine, akaamkiwa kwa Luganda na vicheko juu. Kidega aliona. Tena Odur, mwenzake wa zamu, mama yake alianza dawa hiyo hiyo Jumatatu, Alhamisi hayupo.

Basi muuguzi alipokwenda zake, Kidega alifanya kama afanyavyo kwa kitu chochote cha kutilia shaka. Aliifunga chupa kwenye mfuko wa nailoni, akaandika tarehe na saa, akatia sahihi, akaifungia kabatini. Kielelezo. Kesho angeipeleka ikapimwe.

Kesho, jamani! Na Nakhisa yuko pale anauma pindo la leso asipige kelele majirani wakasikia.

"Baba Acen, nipe dawa."

"Mama Acen, hiyo itakumaliza."

"Kinachonimaliza unakijua." Alipumua kwa shida. "Wewe si polisi? Chukua maelezo yangu."

Kidega alicheka. Mkewe hakucheka. Akatafuta karatasi na kidau cha wino, akavuta stuli, akaandika kama alivyowaandikia wezi na wajane miaka thelathini na moja: Mimi, Nakhisa, umri miaka hamsini na minne, mwenye akili timamu, nasema hivi. Nakhisa alitoa sentensi moja, akapumzika, akatoa nyingine. Hataki kurudi wodini. Hataki mashine. Akifa azikwe kwa akina Kidega, na ndugu zake wasimsumbue mumewe, amemtunza vizuri. Hapo Kidega alijifanya kukohoa, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Maelezo lazima asomewe mwenyewe kabla ya kuweka dole gumba. Kidega akasoma, taratibu, hadi mwisho.

"Umeruka," Nakhisa alisema, amefumba macho.

"Nimeruka nini?"

"Nilisema nataka dawa. Leo. Nimesema mara mbili."

Kidega aliitazama karatasi. Kweli, ombi hilo halikuwemo. Aliwahi kulaumiwa kwa mwandiko mbaya, kwa kuchelewa, hata kwa ulevi, lakini hakuna mtu, hata mwizi wa kuku, aliyewahi kumwambia ameficha maneno yake. Aibu ilimshika hadi masikio yakawaka.

"Nilidhani umesinzia," alisema, na wote wawili wakajua ni uongo.

"Andika."

Akalibana pembeni kwa herufi ndogo ndogo. Akaliona halitoshi. Akaichana karatasi, akachukua nyingine, akaanza upya, na safari hii dawa ikawa sentensi ya kwanza.

Nakhisa hakungoja amalize. Dole gumba lake lilikuwa limeshainuka juu ya blanketi, likisubiri wino.