Tawi la Mirta

Katika miaka arobaini ya kubebesha mifyulisi, yaani kuunga kitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, katika mashamba ya Canelones, kusini mwa dunia, Wilmar Bentancor hakuwahi kusita akiwa na kisu mkononi. Alisita asubuhi moja ya Desemba, alipopiga goti uani mbele ya ndoo ya plastiki ili kuukata mbangi wa marehemu mkewe.

Mizizi ilikuwa imeoza. Tangu Mirta azikwe mwezi wa Oktoba, Wilmar alikuwa ameutoa mti ule uani na kuumwagilia kila asubuhi, na siku nyingine jioni pia, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine iliyobaki ya kumtunza Mirta. Alikuwa ameuzamisha kwa mapenzi. Majani yalikuwa yamegeuka manjano na kulegea, isipokuwa kitawi kimoja cha juu, kirefu kama kiganja, ambacho kilikuwa bado hakijapata habari.

Mirta aliuita Kikongwe. Miaka mitatu aliulea katika chumba cha nyuma, karibu na cherehani, na kila majira ya kuchipua alikata vitawi vyake akaviotesha uani. Maua ya hivyo vitawi ndiyo yaliyompa usingizi mifupa ilipoanza kumtafuna na vidonge vya hospitali vikashindwa. Kikongwe chenyewe hakikuwahi kuchanua. Wilmar alidhani ni utasa wa uzee.

Mwaka ule Mirta hakuwahi kuotesha kitawi chochote. Sheria iliwaruhusu miche sita ya bangi kwa nyumba, na ile mingine mitano iliyokuwa uani Wilmar aliiotesha kwa mbegu za kununua. Ilikuwa na afya kama ng'ombe wa maonyesho, lakini haikuwa ya Mirta.

"We Wilmar, unachinja au unatibu?"

Alikuwa Zulma, jirani wa ukuta kwa ukuta, mpishi mstaafu wa shule, ameegemea uzio huku akinyonya kwa mrija chai yake chungu ya kibuyuni. Vidole vyake vilikuwa vimepindika kwa baridi yabisi, na kwa miaka mingi Mirta ndiye aliyempikia mafuta ya bangi ya kuvichua.

"Nabebesha," Wilmar alisema. "Kitawi hiki nakiweka juu ya ule mche mnene pale."

"Bangi inabebeshwa?"

"Mti ni mti."

"Mti! Hebu acha makuu. Kitie kwenye glasi ya maji kama watu wote, wiki mbili utaona mizizi. Au kigawe. Wewe bebesha ncha yako, mimi nipe hicho kipande cha chini nijaribu na glasi yangu. Tukibahatika tutakuwa nacho wawili."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Wilmar alijua. Lakini tangu msiba watu walikuwa wamechukua vingi kwa nia njema: dada yake Mirta makoti, binti yao cherehani, kanisa viatu. Alikitazama kitawi kile na kuona kwamba ndicho pekee ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa.

"Hakigawiki, Zulma."

"Mirta angenipa."

"Mirta hayupo."

Zulma aliutoa mrija mdomoni. Aliingia ndani na kuurudisha mlango taratibu.

Wilmar akakichonga kitawi kama kabari, akaupasua mche mnene katikati ya shina, akakichomeka ganda kwa ganda, akafunga kwa utepe na kukivisha mfuko wa mkate ili kisikauke. Siku tisa hakwenda mbali na nyumba. Siku ya kumi aliuvua mfuko na kukuta jani jipya, dogo kama ulimi wa paka, limefunguka. Alikaa chini pale pale kwenye udongo akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya makaburini.

Majira yote ya joto tawi lilikua. Alikata matawi mengine yote ya ule mche ili nguvu yote iende kwa Mirta, maana ndivyo alivyokuwa akisema moyoni sasa: kwa Mirta. Ukilisugua jani lilitoa harufu ile ile, ya ganda la chungwa na udongo uliolowa. Pale palipoungwa pakajifunga hata yeye mwenyewe akawa hapaoni mpaka apapase kwa kidole gumba. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Akawa anapiga hesabu za mzee wa bustani: mfyulisi uliobebeshwa vizuri huzaa miaka kumi na mitano. Yeye alikuwa na sabini na mmoja. Mti ungemzika.

Mwezi wa Machi siku zilipoanza kufupika, tawi likatoa nywele nyeupe kila kifundo, kisha maua. Furaha ilimzidi. Ikawa sababu ya kwenda kugonga kwa Zulma, ambaye tangu Desemba alikuwa akisalimiana naye kwa kupunga vidole tu.

"Njoo uone. Kikongwe kimechanua!"

Zulma alikuja akiwa na aproni. Alilitazama tawi kwa muda mrefu kuliko furaha inavyohitaji.

"Kizuri," alisema. "Umewahi kukata kipande ukaweka pembeni, kabla ya maua?"

"Cha nini? Kiko hapa."

"Wilmar. Bangi ikishachanua nje, ndiyo basi. Mwezi wa Mei inakufa, mizizi na vyote. Ni kama mahindi."

"Mirta alikaa nayo miaka mitatu."

"Kwa taa."

"Taa gani?"

"Ile ya chumba cha nyuma! Usiku ukirefuka inachanua, ikichanua inakufa. Alikuwa anaidanganya kwamba bado mchana." Zulma alimgeukia. "Nilidhani unajua. Miaka arobaini na miwili ndani ya nyumba moja, mtu wangu!"

Wilmar aliikumbuka vizuri mno ile taa. Majira yote ya baridi ilikuwa ikiwaka hadi saa nne za usiku, na yeye alikuwa akipita kwenye ujia akinung'unika: unawawashia nani, majini? Mirta, bila kuinua uso kutoka kwenye ufumaji wake, alikuwa akimjibu: "Kuna anayeogopa giza humu." Alidhani mkewe anajisema mwenyewe. Akaona haya kuuliza zaidi. Wiki moja baada ya mazishi aliichomoa na kuitupa juu ya kabati.

"Hakuna la kufanya?"

"Wapo wanaojaribu. Kata maua yote, acha vijani vya chini, ipande chunguni, iwashie taa. Mara moja moja inarudi. Mara nyingi hairudi."

Walifanya pamoja. Yeye alikata, naye Zulma akayapokea maua kwenye aproni yake kwa vidole vile vilivyopindika. Kilichobaki kilikuwa kisiki chenye vijani vitatu. Wilmar alikichimbua na udongo wake, akakitia chunguni, akakibeba hadi chumba cha nyuma, akakiweka penye alama nne za miguu ya cherehani sakafuni.

"Ikirudi," alisema, "tawi la kwanza lako."

"Sawa," Zulma alisema. "Nitaweka glasi tayari."

Alipoondoka, Wilmar alipanda kiti akaishusha taa, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Ilikuwa saa kumi za alasiri na jua lilikuwa bado limejaa dirishani. Akaiwasha. Kisha akavuta kiti cha Mirta, akaketi karibu nayo, akaanza kungoja giza liingie.