Chakula cha Waziri

Phanuel Shitanda alikuwa na fahali aliyeitwa Waziri, na jina hilo hakupewa bure. Fahali huyo hakuwahi kuvuta jembe hata siku moja, alishinda akila, na kila alipotoka nje alitoka kwa ngoma, watu wakikimbia mbele yake kumfungulia njia. Jumamosi za mchezo, vijana wa ngoma za isukuti walikuja kumchukua hapo nyumbani, upande wa Iguhu, wakampeleka uwanjani kupigana na mafahali wa watu wengine. Waziri akimtimua mwenzake, Phanuel alirudi kifua mbele akisalimia hata waliokuwa hawasalimiani naye. Waziri akitimuliwa, Phanuel alipitia nyuma ya mashamba ya watu na kuingia nyumbani kama mwizi.

Tumbo la Waziri alilijua kuliko alivyolijua lake. Alijua majani gani humjaza gesi na maji ya mto gani humpa hamu ya kula. Kila asubuhi alichutama zizini na kijiti mkononi, akakichunguza kinyesi cha fahali kwa utulivu ambao mkewe Teresa hakuwahi kuuona hata kanisani. Teresa alizoea kusema kwamba lau angeangaliwa yeye hivyo, angekuwa bado msichana.

Binti yao Beverly alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa nyumbani akingoja kuitwa chuoni. Alikuwa msichana mwenye mashavu, mcheshi, anayeimba akiosha vyombo. Krismasi Waziri aliposhinda, Beverly alicheza isukuti mbele yake, rafiki yake akamchukua video, na video ikaingia TikTok. Watu wengi waliitazama. Chini yake, kijana asiyejulikana alikotoka akaandika, "Fahali ni yupi hapo?" Wengine wakajaa nyuma yake na vicheko, mstari juu ya mstari.

Mwenye duka alimwonyesha Phanuel maneno hayo. Phanuel, ambaye simu yake ilikuwa ya kumpigia daktari wa mifugo tu, alicheka mpaka akashika ukuta. Kwake yeye hapakuwa na sifa iliyozidi hiyo. Angekuwa yeye ndiye aliyefananishwa na Waziri, angeomba maneno yaandikwe mlangoni. Jioni hiyo akayatangaza mezani, mbele ya kila mtu, mdomo umejaa, akimgeukia Beverly.

"Mama, umeona? Huko kwa simu wanasema hawajui wewe ni gani na Waziri ni gani."

Beverly akasukuma sahani yake kando. Baba mtu akadhani ameshiba, akaimalizia.

Tangu siku hiyo simu ya Beverly ikajaa wasichana wenye viuno vya nyigu. Mmoja alionyesha chakula chake cha mchana, nacho kilikuwa vipande vya tango ndani ya maji. Mwingine alipima mkono wake kwa vidole viwili na kutabasamu. Simu ikishajua unachotafuta haikuachi upumue, ikamletea wengine, na wengine tena, hadi Beverly akawa hawezi kujitazama kwenye kioo bila kuona kile yule kijana alichoandika. Akaacha kuimba. Akaanza kuvaa sweta jua likiwaka. Wakati wa kula, alichukua sahani yake akatoka nayo nje, akisema ndani kuna joto.

Sahani ilirudi safi. Hata paka hakupata la kufanya.

"Baba Beverly," Teresa alisema, "huyu mtoto hali."

"Na sahani inarudi tupu? Unataka ale mpaka sahani?"

"Nguo zinamwanguka."

"Anarefuka. Kwetu wasichana wanarefukanga hivyo."

Teresa akamkumbusha kwamba dada zake wote ni wafupi, tena wapana, na kwamba mmoja alikwama kwenye mlango wa choo siku ya matanga. Phanuel akasema ulikuwa mlango mbaya. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu zizini kulikuwa na jambo zito zaidi. Waziri alikuwa ameacha majani.

Hakuacha yote. Aliyanusa, akachagua mawili matatu kama bibi harusi mbele ya wakwe, akalala. Phanuel usingizi ulimruka. Alimkatia majani machanga ya mtoni, akayanusa tu. Alimwimbia. Teresa alipomwita katekista aje amwombee Beverly, Phanuel alimpokea mtumishi huyo langoni, akamshika mkono kwa heshima zote, akampeleka moja kwa moja zizini. Katekista alikuwa ameshamwekea Waziri mkono kwenye pembe na kufikia katikati ya sala ndipo akauliza kama huyu ndiye mgonjwa aliyeitiwa.

Daktari wa mifugo alikuja, akaligonga tumbo la fahali, akamnusa mdomo.

"Huyu si mgonjwa. Ameshiba. Mdomo unanuka obusuma."

"Obusuma? Nani atampea ng'ombe ugali?"

"Mimi sijui. Lakini kuna mtu anamlisha, tena vizuri. Akiendelea hivi atavimba, na akivimba utamchinja."

Phanuel hakuhitaji kuambiwa zaidi. Osiako, jirani wa ng'ambo ya kijito, alikuwa na fahali mweusi aliyetimuliwa na Waziri wakati wa Krismasi, na alikuwa hajapona moyoni. Nani mwingine angeweza kufikiria ukatili kama huo, kumnenepesha fahali wa mtu hadi ashindwe kukimbia? Ikafika sokoni kwamba Osiako ni mchawi wa ugali. Osiako aliposikia alicheka, na kicheko hicho Phanuel alikihesabu kuwa ushahidi.

Siku iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, Phanuel aliaga kwamba anaenda kwenye mkutano wa wakulima wa miwa, akazunguka, akajificha ndani ya majani marefu ya napia nyuma ya zizi. Alikuwa na rungu. Majani yalimkwaruza shingo, siafu walimpanda miguuni, na yeye alivumilia kwa furaha kama mtu anayengojea arusi.

Akasikia nyayo. Waziri akainuka kabla hata mtu hajaonekana, akatoa ulimi nje. Juu ya ua ukapita mkono wenye sahani, na mkono ulikuwa umevaa sweta.

"Kula," Beverly alimwambia fahali, akimtupia tonge, kisha kiazi kitamu, kisha chapati iliyokunjwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na rafiki. "Kula tu, Waziri. Wewe ukinona wanakupigia ngoma."

Phanuel alisahau siafu. Alisimama ghafla katikati ya napia, rungu juu, majani kichwani, na Beverly akapiga kelele, akageuka kukimbia. Hakufika mbali. Miguu ilimwisha nguvu, akaanguka kando ya zizi, na sahani ikabingirika hadi kwenye matope.

Phanuel alimwinua. Alikuwa amejiandaa kwa uzito wa msichana yule aliyecheza isukuti Krismasi, akavuta kwa nguvu zote, nusura aanguke naye kinyumenyume. Mzigo wa majani aliomkatia Waziri asubuhi hiyo ulikuwa mzito kuliko mtoto wake. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa uwanjani, akamwita Teresa kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Hospitalini muuguzi aliyeitwa Cherotich aliwasikiliza wote, kisha akamwomba Beverly aseme mwenyewe. Beverly alisema akiangalia sakafu. Alisema kuhusu tango na maji, kuhusu kizunguzungu, kuhusu nywele zinazobaki kwenye kitana. Alipofika kwenye yale maneno chini ya video, akavuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole.

"Yale ya fahali?" Phanuel aliuliza.

"Wewe ulicheka, baba."

"Nilidhani wanakusifu."

Cherotich alimtazama mzee kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekaa na kofia magotini, na aibu ilikuwa imemshika hadi masikioni.

"Huu ni ugonjwa, mzee," muuguzi alisema. "Si kiburi na si deko. Tunawaona wengi siku hizi, wasichana na wavulana. Atakuja hapa kila wiki kuongea na mshauri, na tutamwangalia damu na moyo. Lakini nyumbani kazi ni yenu. Kuleni naye, kila mlo. Msimlazimishe, msimpigie kelele, msiuseme mwili wake, hata kwa kuusifu."

"Sista, Waziri akikataa majani mimi simpigangi kelele. Nakaa tu karibu yake, najifanya naangalia mambo yangu, mpaka aone haya ni majani tu."

"Basi unajua pa kuanzia. Ila huyu si ng'ombe, atakujibu."

Na kweli alijibu. Siku za kwanza Phanuel alikodolea macho kila tonge lililopanda na kila tonge lililoshuka. "Baba, unaniangalia kama unataka kuniuza," Beverly alisema, akaondoka mezani. Teresa akamwambia mumewe ajifunze kuangalia kuku. Akajifunza. Akawa anakula taratibu, macho uani, akisimulia habari za jogoo ambazo hazikuwa na kichwa wala miguu. Siku nyingine Beverly alikula nusu. Siku nyingine alilia juu ya kiazi kimoja hadi kikapoa, na Phanuel akalia pia, huko zizini, akimdanganya Waziri kwamba ni vumbi. Beverly alikuwa ameitoa TikTok kwenye simu yake mwenyewe, akairudisha, akaitoa tena.

Waziri naye, alipokosa chapati, alinuna siku kadhaa kisha akarudia majani. Alipungua tumbo, akaongezeka shingo. Hapo ndipo ikatangazwa Jumamosi ya marudiano, Waziri na yule mweusi wa Osiako. Phanuel alikuwa amelisubiri jambo hilo tangu Krismasi, na baada ya kumwita mtu mchawi wa ugali sokoni, hakuwa na namna ya kutokwenda bila kuchekwa hadi kaburini. Alimpaka Waziri mafuta kwenye pembe, akamwahidi mambo makubwa.

Ijumaa Beverly hakula kitu. Alikuwa ameona picha fulani, akajifungia.

Jumamosi asubuhi alitoka, akakaa kwenye kiti cha uani. Teresa akaweka kikombe cha uji mbele yake na kingine mbele ya Phanuel. Wakati huohuo ngoma zikasikika barabarani. Vijana wa isukuti wakaingia langoni wakiruka na matawi mikononi, na Waziri akajibu kutoka zizini kwa mngurumo uliomtetemesha Phanuel mifupa kwa hamu. Mchezo uwanjani haungojei mtu. Anayechelewa amekimbia.

"Mzee, tumfungue?"

"Ngojeni. Nakunywa uji."

Wakangoja. Phanuel alikunywa kidogo, akaangalia kuku. Beverly alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kukiinua. Vijana wakaanza kuangaliana, kisha, kwa kukosa la kuangalia, wote wakamwangalia Beverly. Yeye akainama.

"Baba, nenda. Utashindwa."

"Nashindwaje na mimi niko kwangu?" Akageuka. "Mama Beverly, kuna uji mwingine?"

"Upo sufuria nzima."

"Wape hawa watu. Kaeni chini nyote, mnasimama kwa boma ya mtu kama polisi."

Hakuna kijana wa isukuti aliyewahi kukataa uji. Walikaa popote, juu ya kuni, juu ya ngoma zao, wakapokea vikombe na mabakuli, na uani pakajaa sauti ya watu wengi wakivuta uji wa moto, kila mmoja akishughulika na ulimi wake. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia mwingine. Katikati ya makelele hayo Beverly aliinua kikombe chake, akanywa kidogo. Phanuel alimwona kwa pembe ya jicho, akamsifu jogoo kwa nguvu.

Jua lilikuwa limepanda Osiako alipotokea langoni mwenyewe, jasho likimtoka, na kicheko amekiandaa tangu kwao.

"Shitanda, tumengoja mpaka mwamuzi akasema umeogopa. Watu wote wanasema Waziri amekimbia."

Neno hilo lilimchoma Phanuel, na usiamini mtu atakayekwambia halikumchoma. Akamwangalia binti yake, ambaye alikuwa anamwangalia yeye.

"Waache waseme," alisema. "Na mimi nilikusema bure, Osiako. Si wewe uliyekuwa unamlisha. Karibu uji."

Osiako alisimama na kicheko chake bila pa kukiweka. Teresa akamtia bakuli la uji mkononi, naye akakaa.

Kijana mwenye ngoma kubwa alifuta midomo. "Sasa mzee, tumekuja bure? Tumeshiba na hatujapiga hata moja."

"Pigeni."

"Tumpigie nani? Waziri amelala, na mchezo umeisha."

"Nyinyi pigeni tu," Phanuel alisema, akiangalia kuku. "Mwenyewe anajijua."

Wakaanza, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa nguvu za uji. Mabati ya nyumba yakaitikia, kuku wakatawanyika, na Phanuel akabaki hana tena cha kuangalia. Beverly alikuwa ameinamia kikombe, mabega yakimtikisika, na kwa muda baba yake hakujua kama analia au anacheka. Ndani ya kikombe ulikuwa umebaki uji nusu.

Akakiinua.