Kofia Juu ya Nyumba ya Zadock

Tangu asubuhi Perez alikuwa akiitazama kofia ya chuma iliyokaa kileleni mwa nyumba yake.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa themanini na mbili. Serikali ilikuwa imenusurika kupinduliwa, na askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vifaa vya jeshi. Jirani yake, Seline, alikuja mbio kutoka sokoni Kisian.

“Mama Joram, wako barabarani! Kwa Ouma wamebeba hata buti za kulimia. Na hiyo sufuria yenu inaonekana toka Busia!”

Zadock, mume wa Perez, alikuwa ameketi mlangoni akinywa uji, miguu yake mibovu imenyooshwa juani. Kofia aliitoa Burma alikopigana, vita vilipokwisha. Huko alichemshia chai humo, akaogea, akaikalia kwenye matope. Nyumbani Perez alioshea wimbi humo, akamwogeshea Joram, mwanawe wa pekee, makalio yakiingia humo kama yai kikombeni. Paa lilipovuja, Zadock akaitoboa, akaipitishia osuri, akaziba kwa lami. Osuri ni kile kijiti cha kileleni, kisichoondolewa ila mwenye nyumba anapokufa.

“Tuiteremshe, Baba Joram.”

“Uiteremshe mimi nikinywa uji?”

“Watakupiga!”

“Wanipige nikiwa hai.”

Perez akaitazama tena kofia. Ikibaki, watamchukua. Ikiondoka, atakuwa amemzika kwa mikono yake.

Askari wawili wakaingia. Mmoja, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinyoosha kidole juu.

“Mzee, ile ni ya nani?”

“Yangu. Nilipewa kabla baba yako hajaota ndevu.”

Perez akashika mlango. Kijana akachukua upondo wa mtumbwi uliokuwa umeegemea ukuta, akaudunga kileleni mara moja, mara mbili. Kofia ikang’oka na osuri yake, ikaserereka juu ya nyasi za paa, ikaja kutulia miguuni pa Perez. Askari akaipindua kwa buti. Kutu, manyoya, kiota cha shomoro.

“Waliaula, njoo uone silaha!” alimwita mwenzake, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. “Hii hata kuku hainywei.”

Wakaenda zao.

Seline alicheka pia, kicheko cha kutoa pumzi. Perez hakuweza. Alikuwa akitazama kilele kilichobaki wazi, kama cha nyumba ya mjane. Osuri hurudishwa na mwana, na Joram alikuwa mjini, mtaa wa Manyatta, barabara imejaa askari; nani angepanda?

Wingu zito likapanda kutoka ziwani.

“Nipe hiyo,” Zadock alisema. Akachomoa osuri iliyovunjika, akaishika mkononi kama fimbo, akavaa kofia. “Siingii chini ya paa hilo mpaka Joram aje.”

“Mvua itakuua.”

“Basi inikute hapa.”

Perez, aliyekuwa akiiombea kofia ile ipotee tangu asubuhi, akachana ukingo wa leso yake, akaifunga kofia nao vizuri chini ya kidevu cha mumewe. Akajitanda gunia, akaketi karibu naye.

Mvua ikaja. Matone yaligonga chuma kwa sauti kavu, na Perez, macho ameyafumba, alisikiliza. Kila sauti ilipobadilika, alinyoosha mkono kumgusa, aone kama bado yuko hai.