Uzito wa Pesa Iliyolala

Asubuhi ya tarehe tatu Machi, mwaka wa ishirini na nane wa Heisei, enzi ya mfalme wa Japani wa wakati huo, Bi Tokuko Hirabayashi alitoka kupeleka kwa jirani ubao wa matangazo unaozungushwa nyumba kwa nyumba, kama alivyofanya kila wiki kwa miaka arobaini na sita, akakosea kukanyaga mlangoni pake mwenyewe. Mguu ulilitafuta jiwe la kushukia, usilikute mahali pake. Jiwe lilikuwa chini zaidi, kwa vidole viwili hivi. Akashika nguzo, akatulia, akashuka, kisha akainama kutazama. Kati ya nyumba na msingi palikuwa na uwazi, na upande wa pili wa uwazi huo aliona vitunguu vyake vya majani vikitikiswa na upepo. Nyumba ilikuwa imenyanyuka.

Akausoma ubao akiwa njiani. Tangazo la kwanza lilisema siku ya kutoa taka za kuchomwa imehamishwa kutoka Jumanne hadi Jumatano. La pili lilisema shule ya msingi itafungwa mwisho wa mwezi kwa kukosa watoto. La tatu liliwaomba wakazi ambao nyumba zao zimeanza kupaa wazifunge kwa kamba wenyewe, wasiisumbue ofisi ya mji, na kamba zisivuke barabara. Bi Tokuko akagonga muhuri wake mdogo penye jina lake, kuonyesha amesoma, akambishia hodi jirani yake, Bi Yasue.

"Na wewe tena?" Bi Yasue aliuliza, akichungulia juu ya bega la mgeni wake.

"Vidole viwili tu."

"Ndivyo wanavyoanza wote! Daktari wa meno naye alianza na vidole viwili, leo wagonjwa wanapanda ngazi huku wameshika mashavu. Hebu niambie, mwenzangu, una ngapi mle ndani?"

"Swali gani hilo, Yasue?"

"Haya, usiniambie. Nyumba itanieleza."

Nyumba ya Bi Yasue ilikuwa imekaa chini kabisa. Kila alichopata alikimalizia kwenye hoteli za maji moto, akirudi na mashavu mekundu na maandazi ya kugawia mtaa mzima. Hakuwa na akiba ya kumnyanyua hata paka.

Chanzo kilijulikana na watu wote pale Mitsukura. Mwishoni mwa Januari benki kuu ilitangaza kwamba riba imeshuka chini ya sifuri, ili pesa ziache kulala, zitoke zikafanye kazi na uchumi ukue. Zilizotozwa ni benki zenyewe, si watu, lakini habari kama hiyo haikai mahali ilipoelekezwa. Bi Tokuko alikuwa na yeni milioni kumi na moja benki, na riba yake ya mwaka mzima isingemnunulia hata kopo moja la chai. Akaona leo wanatozwa wao, kesho ni zamu yangu. Akazitoa zote. Kasiki za chuma za kuhifadhia pesa zilikuwa zimekwisha madukani, akangoja siku kumi na mbili hadi ya kwake ilipofika, akaiweka kwenye kabati chini ya madhabahu ya marehemu mumewe, Masanobu, aliyeendesha gari la posta maisha yake yote. Humo pesa ziliendelea kulala, na kila siku zikapungua uzito kidogo. Katikati ya Februari uzito wake ulifika sifuri. Haukuishia hapo.

Jumapili iliyofuata, nyumba ikiwa imefika kimo cha goti, Mihoko alikuja na vipande viwili vya tofu, yale maziwa ya soya yaliyogandishwa, ndani ya sufuria. Alikuwa binti pekee wa Bi Tokuko, na alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri nje ya mji, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kiwanda hicho kilipaa kuliko majengo yote ya bonde, kwa kuwa kilikuwa na akiba nyingi kuliko wote, na wafanyakazi walikuwa wakipanda ngazi ya chuma yenye vidato mia mbili na kumi kwenda kupokea mshahara uleule wa mwaka juzi. Mwezi huo Mihoko alikuwa ameambiwa mkataba wake hautaandikwa tena.

Akapiga magoti kwenye mkeka, akamtazama mama yake akikata figili za kuchachua.

"Mama, mzee Gunji anaacha duka lake la tofu. Mgongo umemshinda. Amesema akiniachia mimi atalala vizuri."

"Kula kwanza."

"Nimeshakula. Kinachotakiwa ni tangi jipya la mvuke na mashine ya kusagia soya. Milioni nne. Benki wamenikatalia. Wanatozwa kwa kulaza pesa, lakini kunikopesha mimi wanaona bora watozwe."

"Tofu hiyo ataila nani, Mihoko? Shule yenyewe inafungwa."

"Wewe si unakula? Bi Yasue si anakula? Mama, siombi zawadi. Nikopeshe. Ananingoja mpaka tarehe ishirini."

Bi Tokuko aliendelea kukata figili. Alikuwa amezipigia pesa zile hesabu mara nyingi, akiwa jikoni, akiwa bafuni: nyumba ya wazee, nepi, daktari, jeneza, mtawa wa kusoma sala, na yote hayo mpaka umri wa miaka tisini na saba, endapo mwili ungemfanyia ukaidi wa kutokufa.

"Na nikianguka?" alisema hatimaye. "Nikilala kitandani miaka kumi, nani atanigeuza?"

"Mimi."

"Ndicho nisichokitaka."

"Lakini mimi ni mwanao, Mama. Si jirani."

"Ndiyo maana."

Mihoko akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, akanyanyuka kuosha sufuria. Alipotoka alilazimika kuruka, na alipotua chini aligeuka akainamisha kichwa. Bi Tokuko alimpenda mno saa ile, hata akaingia ndani upesi asije akaonekana.

Katikati ya mwezi alikuja kijana mmoja wa taasisi ya utafiti kutoka makao makuu ya mkoa, amevaa suti nyembamba na viatu vilivyolowa. Jina lake lilikuwa Kusunoki, na kazi yake ilikuwa kuandika matarajio ya ukuaji wa uchumi kwa miezi mitatu ijayo. Aliinama chini ya nyumba, akaomba radhi kwa usumbufu, akapima kwa utepe kutoka ardhini hadi sakafuni.

"Mita moja na sentimita sabini. Hongera, bibi. Wastani wa mtaa wenu ni mita moja na kumi."

"Asante."

"Nina swali moja tu. Unaona miezi mitatu ijayo hali itakuwa nzuri zaidi, itabaki vilevile, au itakuwa mbaya?"

"Mbaya."

"Sawa," akasema Kusunoki akiandika. "Wote mmesema hivyo."

Bi Tokuko akamteremshia chai na kipande cha figili ndani ya kapu. Kijana akanywa kwa kuchuchumaa, kwa sababu sakafu ilikuwa ikimgusa kichwani na kudondosha vumbi.

"Na wewe mwenyewe unaonaje?" akamuuliza kutoka juu.

"Mimi, bibi? Mimi ni wa mkataba wa miezi sita." Akakiweka kikombe kapuni kwa mikono miwili. "Nitaandika kwamba mji unaendelea kunyanyuka taratibu. Ndivyo kipimo kinavyosema."

Tarehe kumi na nane, baada ya chakula cha mchana, Bi Tokuko alipiga moyo konde. Akafungua kasiki, akatoa mabunda manne ya yeni milioni moja moja, akayakamata kabla hayajafika darini, akayafunga kwa kitambaa cha zambarau. Akamweleza Masanobu kwenye picha kwamba anakwenda dukani kwa Gunji. Kisha akashuka ngazi, na nyuma yake nyumba ikashuka pia, polepole, hadi vitunguu vikaguswa na kivuli chake.

Kile kifurushi kilimvuta mkono kwenda juu. Ulikuwa mwaka wa kumi tangu magoti yake yaanze kuuma, na sasa hayakuuma. Nyayo ziligusa lami kwa ncha tu, hatua moja ikawa na urefu wa hatua tatu, na ukungu wa mtoni ulimpitia kiunoni bila kumlowesha. Miti ya plamu ilikuwa imechanua. Alipita chini ya kliniki ya meno, chini ya nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu iliyokuwa ikiyumba kwenye kamba zake, na kutoka kila dirisha alisikia redio ileile ikizungumza kwa sauti ya chini. Alihisi kana kwamba anaota akiwa ameamka, akajisikia binti wa miaka ishirini anayepeleka kitu kwa mchumba wake. Alitabasamu peke yake, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Akafika kwenye kioo cha duka la Gunji. Ndani, kati ya mvuke, Mihoko alikuwa amekunja mikono ya shati, ameingiza mikono kwenye maji baridi, anakata tofu kubwa vipande sawa na kuviacha vielee. Uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo mama yake hakuwa ameiona tangu Masanobu afariki. Bi Tokuko akauinua mkono kugonga.

Hapo Mihoko akainama, akabeba ndoo ya soya iliyolowekwa. Aliikumbatia, akaipandisha gotini, kisha kifuani, na alipoitua juu ya meza alishika kiuno na kufumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Akainama tena kubeba ya pili.

Bi Tokuko akajiona ndani ya ile ndoo. Akauona mgongo uleule ukimwinamia yeye, asubuhi na jioni, baada ya kazi, kwa miaka kumi. Mkono ukashuka. Mzee Gunji, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, alimwona wazi kabisa, na kwa kuwa mgeni hakuonekana kutaka kuonwa, mzee aliinamisha kichwa kwa adabu na kugeuza macho ukutani. Hakumwambia Mihoko, siku hiyo wala baadaye, maana mambo ya nyumba ya mtu si ya kuingiliwa.

Bi Tokuko akarudi nyumbani kwa hatua ndefu nyepesi. Mabunda yalipoingia kwenye kasiki, nyumba ilipanda kwa ghafla kidogo, na mmoja wa wanasesere wa Mihoko wa utotoni akaanguka kutoka rafuni.

Tarehe ishirini ikapita. Gunji aliteremsha pazia la mlangoni, lile linaloonyesha duka liko wazi, akalikunja, akampa Mihoko awe nalo. Tangi la mvuke lilichukuliwa na muuza vyuma chakavu. Mihoko akapata kazi mkoa wa mbali, Aichi, kwenye kiwanda cha viti vya magari, mkataba wa miezi sita na chumba cha bweni. Hakulaumu mtu. Aliandika kwenye karatasi kwamba kila mwezi atamtumia mama yake yeni elfu kumi na tano, asiwe na wasiwasi, akaiweka karatasi hiyo kapuni.

Siku ya kuondoka alikuja na begi moja, akasimama penye vitunguu. Nyumba ilikuwa imevuka nyaya za umeme. Alizungumza, na mama yake akazungumza, ila wote wawili kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilikuwa saa mbili asubuhi na haikufaa kusumbua majirani. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Mwishowe Bi Yasue akatoka na mswaki mdomoni.

"Jamani, mnanong'onezana nini, na mmoja yuko mawinguni!" akasema, akatema povu. "Haya, nipeni mimi. Mihoko, unasemaje?"

"Mwambie avae soksi. Huko juu kuna baridi."

"Anasema vaa soksi!" Bi Yasue akapaza sauti, mbwa watatu wakajibu.

Bi Tokuko akasogeza midomo.

"Anasema nini?" akauliza Mihoko.

Bi Yasue alitega sikio muda mrefu. "Anasema usafiri salama," akasema. Alikuwa amebuni, na Mihoko alilijua hilo, akashukuru.

Ripoti ya Kusunoki ilitoka asubuhi hiyohiyo, ikasomwa redioni. Mitsukura ulikuwa umeongoza mkoa mzima kwa kunyanyuka. Matarajio ya robo ijayo yalikuwa vilevile, kwenda juu.

Bi Tokuko aliisikiliza akiwa dirishani, amevaa soksi. Kutoka pale aliona bonde lote, mto wote, na kituo cha treni mwisho wa barabara. Kwenye jukwaa palikuwa na watu sita wenye makoti ya kijivu, na kwa kimo kile wote walikuwa sawa. Akafungua dirisha, akawapungia mkono mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa muda uleule, asije akamkosa.