Jina Lililopita Chini ya Bahari

Hapa Maringo, Nairobi, hakuna mtu anayeijua simu ya intaneti kunishinda mimi, Truphena, mama yake Clare. Siku ya kwanza niliishika juu chini, nikapiga kelele kwenye upande wa kusikilizia, kisha nikamlaumu binti yangu kwamba Kanada imemfanya bubu.

Lakini nilijifunza. Simu yenyewe Clare aliituma kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani. Ni ya kukaa mezani, ina mkono wa kushika na waya uliojikunja kama zile za ofisi za reli alikofanya kazi marehemu Tobias wangu, ila pembeni ina kioo kipana kama sinia dogo, unamwona unayeongea naye. Haitaki laini wala kukwangua kadi. Fundi Matheka alipokuja kuifunga alichomeka waya kwenye kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, akajipangusa jasho la kitambi, akasema, "Haya, shosh. Sasa uko na Kanada hapa kwa meza."

"Sauti yangu itapita wapi?" nikamuuliza.

"Inakatwakatwa vipande vidogo vidogo. Vinapita kwa waya, vinaingia chini ya bahari, vikifika kule vinaunganishwa tena."

"Na kimoja kikipotea?"

"Hapo ndipo utasikia mtu akiongea kama roboti."

Alipoondoka nilikaa nikiitazama ile simu kama mgeni ambaye hujui umpe chai au uji. Sauti yangu hii, iliyozoea kufokea paka, inakatwakatwa kama sukuma wiki, inapita chini ya tumbo la samaki, na bado inafika kule ikiwa yangu. Tangu siku hiyo sipigi simu kabla ya kusukutua mdomo. Bahari yote ile, halafu uipitishe harufu ya omena?

Sasa niwaambie kuhusu Asenath, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Sote tumetoka Maragoli, na mambo ya mila yeye anayajua kuliko waliokufa. Simu yake ni ya mulika mwizi, hata picha haipokei, na bintiye Jacky ameolewa na Mkamba mmoja anayeitwa Kyule, wanaishi Doha. Kila Alhamisi mimi huenda soko la Kariokor kupeleka vikapu ninavyosuka vishonewe mikanda ya ngozi, na ufunguo wa nyumba humwachia Asenath, maana wezi wa huku hawana likizo. Siku moja nilirudi nikakuta mkono wa simu una joto kama chapati.

"Nilikuwa nafuta vumbi," Asenath akasema.

Nilitazama juu ya televisheni. Vumbi lilikuwepo lote, halijapungua hata chembe. Mtu mzima hahitaji kusema kila anachokiona siku hiyo hiyo.

Basi Clare akajifungua mtoto msichana, kwa upasuaji, na furaha ikatujia imeshikana mkono na taabu. Mama alirudishwa hospitali kwa sababu ya kidonda, mtoto akabaki nyumbani na babake, Sylvance, Mjaluo mpole mwenye mabega kama kabati. Na mtoto akalia. Hakulia kama watoto wengine, ambao hulia, wakanyonya chupa, wakalala. Alilia mchana na usiku, akalia mpaka sauti ikakwaruza. Daktari akampima, akasema ni mzima. Watu wa Sylvance kule Ugenya wakaita majina ya wafu wao wote kwa simu, mtoto akazidi kulia.

Kwetu jambo hilo lina maana. Mtoto mzima akilia hivyo, kuna mtu wa kwao aliyetangulia anayetaka kuitwa. Mwanamke mkubwa wa nyumba huketi naye, akataja majina ya wafu wetu moja moja, na lile litakalomnyamazisha ndilo jina lake. Mwanamke mkubwa nilikuwa mimi. Mtoto alikuwa Kanada. Na mtu pekee wa kumshika mbele ya kioo alikuwa mkwe wangu.

Hapo ndipo shida ilipolala. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na kuangaliana usoni, hilo hata usiulize. Sylvance alipokuja kumposa Clare, mimi nilikaa jikoni nikimsikia akicheka sebuleni, na mabega yake niliyaona kwa mgongo akitoka. Sasa nitamleta ndani, juu ya meza yangu, mita moja kutoka kitandani kwangu?

"Haiwezekani," Asenath akasema. Alikuwa amekuja asubuhi ile ya Alhamisi kuchukua ufunguo, akanikuta nimevaa gauni la kanisani na siendi popote. Uso ukamwanguka kidogo. "Kwani leo huendi Kariokor?"

"Mjukuu wangu analia, niende kushona mikanda?"

"La, la, baki," akasema haraka. Kisha akaangalia saa ya ukutani. "Ila tufanye upesi. Saa sita nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Shughuli tu! Na nitakaa hapa kuhakikisha hamtii watu aibu. Mimi tangu Kyule amuoe Jacky wangu sijasikia hata kikohozi chake. Akipiga simu, nampa mzee wangu. Hiyo ndiyo heshima."

"Umejaliwa," nikamwambia.

Tukapiga. Simu ililia kwa ule mlio wake wa mapovu, kioo kikawaka, na Asenath akaninyanyua kidevu nitazame dari. "Sylvance!" akapaza sauti. "Jifunike!"

"Nijifunike nini, Mama?" sauti nzito ikauliza, na nyuma yake kilio kikakwaruza.

"Uso! Tafuta shuka!"

Niliposhusha macho nikaona kitu cheupe, kirefu, bila kichwa, kinatembea chumbani kikigongana na viti. Mkwe wangu alikuwa amejifunika shuka zima kama mzimu wa sinema. Mkono mmoja ulishika simu nyuma ya mgongo, nasi tukaonyeshwa friji, kisha kiatu, kisha soketi ya stima.

"Mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko hapa, Mama, ila sioni niendako."

"Rudi nyuma nyuma," Asenath akaamuru. "Kushoto! Kushoto kwako, si kwetu!"

Tukasikia kishindo. "Samahani, Mama," likasema shuka. "Ni goti."

Ningecheka mpaka nijikojolee kama si kile kilio. Kilikuwa kidogo sana. Kilikuja kimechoka, na kila kilipoishia kilivuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi. Halafu kioo kikageuka, nikamwona. Uso mdogo, mwekundu, ngumi mbili zimeinuliwa kama za mtu anayedai haki yake. Nyuma yake dirisha, na kule dirishani usiku mweusi tititi, na kitu cheupe kinashuka polepole kama mtu anachekecha unga. Theluji. Mimi jua la saa tano lilikuwa linanichoma kisogo kupitia dirisha langu, na hapo mezani kwangu kulikuwa usiku na theluji. Nilitaka kugusa nione kama kioo ni baridi. Niligusa. Kilikuwa na joto.

Shuka likainama kumnyanyua mtoto. Mtoto akaliona, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia.

"Sylvance," nikasema. "Toa hilo shuka."

"Truphena!" Asenath akashika kifua.

"Mama?" shuka likauliza.

"Toa. Mtoto anataka babake, hataki pazia. Na wewe Asenath, hebu niambie, hapa ni chumba kimoja? Kule ni usiku, hapa ni mchana. Tangu lini chumba kimoja kikawa na usiku na mchana kwa pamoja?"

Asenath akashusha mkono kifuani. Jambo hilo waliokufa hawakumwambia.

Shuka likaanguka. Nikamwona mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, na maziwa yamekauka shingoni. Nilitegemea kuona aibu. Nikaona mtu aliyekuwa amelia mwenyewe kabla hatujapiga. Aliinamisha macho, nami nikainamisha, tukabaki tumeheshimiana hivyo hivyo, bahari nzima katikati.

"Mshike karibu na sikio la simu," nikamwambia. "Mimi nitaita."

Nikaanza. "Kadenyi!" Huyo ni nyanya yake Tobias. Mtoto akalia. "Vihenda!" Akalia. "Ronika!" Akalia zaidi, na simlaumu, Ronika alikuwa na mkono mzito. Nikavuta pumzi. "Kasiti!"

Kimya.

"Aririririri!" Asenath akapiga vigelegele mpaka mbwa wa nje wakajibu. "Amenyamaza! Ni Kasiti!"

Kasiti alikuwa shangazi yangu aliyeiba kuku wa kanisa akawauzia kanisa. Mjukuu wangu atembee Kanada na jina hilo?

"Asenath," nikasema polepole. "Mtoto hunyamaza akiwa amefungua mdomo?"

Tukasogeza nyuso. Mtoto alikuwa ameachama. Mkono wa Sylvance ulikuwa umeganda hewani. Hata theluji ilikuwa imesimama dirishani, kila chembe mahali pake, haipandi, haishuki. Nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa jinsi Mungu anavyoona akitaka kupumzika.

"Netiweki," nikanong'ona. Lile neno Matheka alinifundisha.

Kisha ghafla vipande vikaja, kwanza kama bati linalokwanguliwa, kisha vikaungana, na kilio kikatujaa nyumbani. Sijawahi kumshukuru Mungu hivyo kwa sababu ya mtoto kulia. Kasiti akarudi alikotoka.

Hapo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa naita kama mtu aliyeketi kando ya kitanda, jina juu ya jina, wakati jina lenyewe lilikuwa bado njiani. Basi nikabadilisha. Nikaita moja, nikafumba macho, nikalisindikiza. Nikaliona likitoka mlangoni kwangu, likipita Jogoo Road juu ya nguzo za waya, likiteremka mpaka pwani, likizama. Nikalipa nafasi lifike, libishe hodi, mtoto alisikie. Ndipo nikaita jingine.

Nikabakiwa na moja. Nililiweka mwisho kwa woga, kwa sababu likikataliwa hilo, sina jingine.

"Mmbone," nikasema. Sikupaza sauti. Mama yangu hakupenda kuitwa kwa kelele.

Mama yangu Mmbone hakuwahi kuvuka hata ziwa pale Kisumu. Alipokuja Nairobi kuniona alikataa kupanda lifti ya mjini, akasema hawezi kuingia kabatini akiwa hai. Na sasa jina lake lilikuwa chini ya bahari, limekatwakatwa, peke yake, linamtafuta mtoto kwenye theluji.

Kilio kikakatika.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Nilitazama dirisha la kule. Theluji ilikuwa inashuka. Nilimtazama Sylvance. Alikuwa anapepesa macho. Nilimtazama mtoto. Mdomo ulikuwa umefungwa, ngumi zimefunguka, na kwenye mkono wa simu, sikioni mwangu kabisa, nikasikia pumzi yake. Inaingia, inatoka. Pumzi ya mtoto ambaye sijawahi kumshika, vipande kwa vipande, na hakuna hata kimoja kilichopotea.

"Amelala, Mama," Sylvance akasema kwa sauti ndogo, machozi yakimtiririka na bado hanitazami.

"Mwambie Clare jina lake. Na wewe lala, mkwe. Ujipake kitu kwenye hilo goti."

Kioo kikazima. Nikabaki nimeshika mkono wa simu kama mkono wa mtu.

Asenath alipenga kamasi kwa pindo la leso aliyojitanda, kisha akakumbuka yeye ni nani. "Mzuri, mzuri sana. Lakini umemwangalia mkwe machoni, Truphena. Itabidi utoe kuku wa faini. Mimi nikifa leo, Kyule hajui hata sura yangu." Akaangalia saa ya ukutani, akaruka. "Haya, ondoka basi, nenda Kariokor, kungali mapema! Mimi nitakaa na nyumba."

Na hapo simu ikalia mapovu yake.

"Ni Clare!" nikasema.

"Usipokee!" Asenath akasema.

Nikapokea. Kioo kikawaka, na si Clare. Alikuwa kijana wa Kikamba aliyenyoa vizuri, ameegemea mto, ameshika kikombe cha chai, meno yote nje.

"Mama Jacky mrembo wangu!" akaita, picha yangu ikiwa bado njiani chini ya bahari. "Leo umechelewa, ikabidi nipige mwenyewe. Vipi, Mama Clare ameshaenda Kariokor? Nimalizie basi ile hadithi yake ya Alhamisi iliyopita, pale alipotia chumvi kwenye chai ya pasta wenu."

Nikageuka. Asenath hakuonekana. Palikuwa na leso tu, imesimama katikati ya sebule yangu, imemfunika mtu kutoka kichwani hadi kiunoni, inatetemeka.

"Asenath," nikauliza, "huyu ni nani?"

"Amekosea namba," ikasema leso.

Kyule alisogeza uso kwenye kioo, akaitazama vizuri ile leso na viatu vilivyo chini yake, akacheka.

"Sijakosea, Mama. Au leo vumbi bado hujamaliza kufuta?"