Kicheko cha Mkuyuni

Prudencia hakukaa. Tangu saa nne asubuhi alikuwa akizunguka chumba cha kuhariri, hatua tatu kwenda, tatu kurudi, huku Muganyizi, meneja wa kituo cha televisheni, akitazama kipande kilekile cha mchezo wa vichekesho wa Prudencia kwa mara ya tano.

Kwenye skrini mgambo walikuwa wanabomoa kibanda cha muuza samaki. Mkuu wao kaketi pembeni anakula sato wa mama huyohuyo, bure, mpaka mwiba ukamkwama kooni. Hapo kicheko kikalipuka. Kilikuwa cha kweli. Prudencia hakuwahi kutumia vicheko vya kompyuta. Kila akimaliza kurekodi aliwaita kina mama wa soko la Mkuyuni, akawaonyesha picha, akawategea maikrofoni. Bernadeta, muuza samaki mwenyewe kwenye mchezo, alicheka kuwashinda wote. Kibanda chake halisi kilibomolewa Machi.

"Huo mwiba toa," Muganyizi alisema.

"Bosi, nikitoa mwiba, kichekesho kimekwisha."

"Dada Pruu, wakubwa wameshapiga simu. Hawataki kumwona yule mtu akikabwa."

"Basi tusirushe."

"Tutarusha. Jina la mchezo ni la kituo, ulisaini mwenyewe. Ukikataa, yule mwongozaji mwingine, Jonathan, yupo hapo nje, na atakuja na waigizaji wake."

Miaka saba ya jasho, halafu mwenye nguvu mpishe! Prudencia aliwafikiria waigizaji wake kumi na mmoja, hasa Bernadeta, ambaye hakuwa na kazi nyingine. Akaketi, akaukata mwiba. Roho ilimuuma.

"Kicheko kiache," meneja alisema akitoka. "Vichekesho bila kicheko ni msiba."

Kicheko kikabaki, kikaangukia picha iliyofuata.

Jumapili saa kumi jioni kina mama walijaa kwenye mgahawa wa Mkuyuni kujitazama. Prudencia alisimama mlangoni. Kwenye televisheni kibanda kilianguka. Bernadeta wa kwenye skrini akapiga magoti, akaanza kuokota sato mavumbini, analia. Papo hapo, humo humo kwenye televisheni, soko zima likacheka.

Mgahawani kina mama walinyamaza. Vijana wawili wa meza ya nyuma ndio waliocheka, maana televisheni imecheka.

Bernadeta aligeuka polepole.

"Pruu, mwanangu, hiyo si sauti yangu? Mbona ninajicheka?"

Kwenye televisheni Bernadeta alizidi kulia, na Bernadeta alizidi kucheka.