Mimbari ya Herini

Katika nchi ya Majaliwani, ambako vilima vimepiga magoti upande wa mashariki na tambarare imejilaza upande wa pili ikingoja mvua, hapakuwa na mji uliosifika kwa uchaji Mungu kama Herini. Mvua yenyewe ilinyesha kwa idhini ya kanisa, au ndivyo kanisa lilivyotangaza, na ilipochelewa kosa lilikuwa la waumini. Mtu wa Herini alizaliwa kwa cheti cha kanisa, akaoa kwa cheti cha kanisa, akafa kwa cheti cha kanisa, na yule aliyekikosa alihesabiwa kuwa hajazaliwa vizuri, au hajafa sawasawa.

Aliyelishika kanisa hilo aliitwa Baba Mwinuliwa Gamalieli, wa saba katika mfuatano wake. Inasimuliwa kwamba mwanzilishi alihubiri akiwa amesimama juu ya kreti la mbao, kwa sababu alikuwa mfupi na kina mama wa viti vya nyuma walitaka kumwona. Wa pili aliona kreti halimfai mtu wa cheo chake, akajengewa jukwaa la matofali. Wa tatu akaliinua hadi kifuani, wa nne akataka lipite vichwa, na tangu hapo kila aliyetawazwa aliongeza safu za mawe juu ya mtangulizi wake, hata mimbari ikawa nguzo nene iliyowalazimu mafundi kung'oa paa na kulijenga upya juu zaidi. Ilipandwa kwa ngazi ya mbao iliyobebwa na wanaume sita, na Baba alipokwisha kufika juu, ngazi iliondolewa, asije mwenye dhambi akaiparamia. Kutoka huko hakutambua uso wa mtu. Sauti yake ilishuka kwa mabomba ya bati, na katiba ya kanisa ilisema kwamba neno lililokwisha kushuka kwa mabomba hayo halifutwi na yeyote, hata Baba mwenyewe.

Fundi wa mawe hayo alikuwa Yona Kitundu, mtu wa maneno machache aliyepiga mbinja akiwa kazini. Mwaka wa jubilei aliagizwa kuongeza safu tatu. Alhamisi asubuhi, akiwa kwenye safu ya pili, jukwaa la fito alilokuwa amesimama juu yake lilikatika, akaanguka.

Mkewe, Drusila, alikuwa mshonaji wa majoho ya kwaya. Alipoitwa alikimbia akiwa bado ana sindano kifuani. Alimkuta Yona sakafuni, amekwisha kufa. Mtu alikuwa ameshaiosha damu kwenye mawe ya mimbari. Usoni mwa Yona hakuna aliyekuwa ameigusa. Drusila akakunja upindo wa kanga yake, akaulowesha mate, akamfuta mumewe taratibu kama anayemfuta mtoto.

Mchana huohuo baraza la wazee lilikaa. Lilijadili kama mawe yamepata ufa, likaridhika kwamba hayakupata. Kisha likajadili maana ya tukio, na kuamua kwamba mtu hawezi kuanguka kutoka mahali patakatifu pasipo kuangushwa na Mwenye mahali hapo. Kwa hiyo Yona hatapigiwa kengele, hataombewa, na hatazikwa katika makaburi ya waumini.

Drusila alikwenda ofisini kwa katibu wa baraza, Mzee Obadia, mtu nadhifu aliyekuwa na mhuri kwa kila jambo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana na msiba. Yaani, pole kama mtu binafsi. Kama ofisi bado hatujatoa pole."

"Nimekuja kuomba mume wangu azikwe."

"Mama, mimi naelewa. Lakini hili si suala la huruma, ni suala la utaratibu."

"Alipanga mawe yale miaka kumi na tisa. Mlimwita mtumishi."

"Alikuwa mtumishi alipokuwa juu," alisema Obadia, akishusha macho. "Shida yetu ni jinsi alivyoshuka."

"Basi nipeleke kwa Baba nimweleze mwenyewe."

"Baba haoni watu wiki ya jubilei. Yuko katika kuinuliwa."

Drusila alirudi nyumbani. Alimwosha mumewe, akamvika shati la sikukuu, akamfungia majani ya mwarobaini asiharibike kwa joto. Majirani walipita mbali, kwa kuwa aliyechimba kaburi lisilo na cheti alifutwa jina. Ijumaa hakuja mtu. Jumamosi jioni alifika Bibi Elesia, kiongozi wa kwaya, akiwa na wanawake watatu.  Walipika uji, wakamlazimisha anywe, kisha Elesia akauliza, kana kwamba hajui, "Kesho ibada ya jubilei inaanza saa ngapi?"

"Saa tatu," Drusila akajibu.

"Basi saa tatu na nusu tutakwenda naye."

Jumapili kanisa lilifurika. Baba Mwinuliwa alikuwa ameshapanda, ngazi imelazwa ukutani, na mabomba yalikuwa yakinguruma juu ya fadhila ya kutoa, milango mikuu ilipofunguka na mkokoteni ukaingia. Juu yake palikuwa na jeneza lililofunikwa joho jeupe la kwaya. Wanawake wanne walisukuma, Drusila akatangulia. Magurudumu yakasikika yakilia juu ya vigae.

Kutoka juu, Baba Mwinuliwa aliona kitu kirefu, cheupe, kinacholetwa mbele kwa heshima. Akafurahi.

"Naona mnaleta!" mabomba yalitangaza. "Na iwe heri! Nakipokea kilicholetwa, nakibariki, nakiweka mikononi mwa Bwana, kipumzike katika nyumba yake milele!"

"Amina!" Elesia akaitikia, na kanisa zima likamfuata kabla halijafikiri.

Obadia aliruka kutoka kitini, akakimbilia chini ya nguzo, akakusanya mikono mdomoni. "Baba! Ni maiti!"

"Nini?"

"Ni maiti, Baba! Maiti!"

"Kama ni mali," mabomba yakajibu kwa bashasha, "nazibariki mara mbili, na aliyezileta abarikiwe!"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Kicheko kikapita safu hadi safu, kisha kikakatika, maana Drusila alikuwa amepiga magoti sakafuni, palepale alipomkuta Yona, na alikuwa analia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Wale wanaume sita wa ngazi walitazamana. Mkubwa wao akasogea, akainama, akashika jeneza upande wa kichwani. Watano wakamfuata. Walipolitoa nje, viti vilibaki vitupu nyuma yao, na mtu mmoja akapita kwenye kamba ya kengele akaivuta.

Makaburini udongo ulikuwa mkavu. Walichimba kwa zamu, wakaimba, wakamshusha Yona. Ndipo Obadia alipofika, anahema, joho limejaa vumbi.

"Baba amemaliza mahubiri," aliwaambia wale sita. "Anasema Amina, haitikiwi. Anataka kushuka. Njooni."

"Tunazika, mzee," alisema mkubwa wao.

"Nawaagiza kwa jina la baraza!"

"Ameshabarikiwa kwa mabomba," Elesia akasema. "Kama kuna namna ya kulifuta neno lile, tuonyeshe kwenye katiba."

Obadia aligeuka akatazama kanisa. Kutoka upande wa kanisa ilisikika sauti nyembamba, ikiuliza jambo ambalo hakuna aliyeweza kulisikia vizuri. Drusila akachomoa koleo lililosimama kwenye udongo, akamwelekezea Obadia.

Alilipokea kwa kuwa watu wote walikuwa wakimwangalia. Akatupa koleo la kwanza haraka haraka. Akatupa la pili. Watu wakaanza wimbo mwingine, macho yao yakarudi kaburini, wala hakuna aliyekuwa akimtazama tena Obadia alipovua joho, akaliweka juu ya nyasi, akaendelea kufukia.